Nilivyoingia Italia Bila Pasipoti

Dada yangu ameolewa Lausanne, Uswisi. Agosti nilipowatembelea, shemeji akasema, "Leo nakupeleka Great St Bernard, njia ya juu ya milima ya Alps, alikopita Napoleon, yule jemadari wa Ufaransa." Mimi mtu wa Tanga, nikavaa shati la mikono mifupi.

Kule juu ni mita 2,469. Upepo ulinivaa kama mwenye nyumba anayedai kodi. Shemeji akanihurumia, akanipa koti lake, kisha akaanza darasa: watawa wamekuwa wakipokea wasafiri hapa tangu karne ya 11, Mei 1800 Napoleon akapita na askari kama 40,000, na wala hakupanda farasi mweupe kama kwenye ile picha yake maarufu ya kuchorwa. Alipanda nyumbu. (Wa kufugwa, si wale wa Serengeti.) Tena nyumbu aliwakopa wanakijiji wa Bourg-Saint-Pierre, na deni hakulimaliza.

Nilikuwa nacheka bado nilipohisi pumzi ya moto mgongoni. Kugeuka, mbwa. Mkubwa kama ndama, mate yananing'inia kama mlenda wa bamia. Mtunzaji wake ameshika kamba, anatabasamu.

"Usiogope, shemeji! Ndio wenyewe hawa, mbwa wa St Bernard waliokuwa wakiokoa wasafiri. Mmoja wao wa zamani, Barry, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1800, aliokoa watu zaidi ya 40!"

Hesabu yangu ya mbwa ni nyingine. Mmoja wa Chumbageni alining'ata kalio nikiwa darasa la tatu, kisa embe ambalo hata kuiva halijaiva. Nikatimua mbio.

Hapo ndipo nilipokosea. Mababu wa mbwa yule kazi yao ilikuwa kutafuta watu walio hatarini, na mtu anayekimbia huku anamwita mama yake, mbwa atafikiri nini? Kamba ikamponyoka mtunzaji. Nikafuata barabara ya kando ya ziwa: mbele mimi, nyuma yangu mbwa, nyuma ya mbwa mtunzaji, nyuma ya mtunzaji shemeji, na nyuma ya wote dada yangu wa tumbo moja, anarekodi kwa simu.

Nilisimamishwa na maaskari wawili. Lugha yao ilikuwa imebadilika. Kumbe nimeshavuka, niko Italia.

"Passaporto."

Nikapapasa mfukoni: funguo za gari na pipi za kikohozi. Koti la shemeji. Pasipoti yangu, yenye viza halali kabisa, ilikuwa kwenye gari, Uswisi.

Mbwa akafika, akanilamba mkono mpaka kiwiko, akajibwaga juu ya miguu yangu. Askari wakaniuliza jambo kwa Kiitalia. Nikawajibu kwa kunyoosha kidole chini.

Dada alirudi kufuata pasipoti, tena kwa mwendo wa bibi harusi. Robo saa nzima nimekaliwa. Ila nisimdhulumu mbwa wa watu: miguu ilikuwa imeganda, na yeye alikuwa na joto kama jiko la mkaa.

Video ilifika kwenye kundi la familia kabla hatujashuka mlima. Mama akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, huyo ng'ombe wa nani?"