Katuni Siku Hizi ni Kazi Isiyo Mshahara

Yakhe, zamani katuni ilikuwa mapumziko. Siku hizi ni kazi, na ratiba yake wanaipanga watu wa Tokyo ambao hawana habari kama Unguja kuna magharibi. Shueisha, wachapishaji wa huko, wanaachia sura mpya za manga (katuni za vitabu za Kijapani) za kila wiki kwenye programu yao, Manga Plus, inapoingia Jumatatu saa sita usiku kwa saa za Japani. Toa saa sita: kwetu ni Jumapili, saa kumi na mbili jioni kamili. Muadhini anakohoa kwenye spika, bi mkubwa anataka mkate wa kula na mchuzi, na jirani keshafungua, keshasoma kurasa zote, anakuja mbio kukusimulia mwisho. Adabu imekwisha mjini.

Na usiseme utasoma siku ukipata nafasi. Bila ya kulipia, kwenye tovuti yao unapewa sura tatu za mwanzo na tatu za mwisho. Sura hutoka moja kwa wiki. Ukikaa mwezi bila bando, ukirudi shujaa uliyemwacha anakula wali yumo hospitali, na aliyempiga humjui.

Ndiyo maana mie nasema anza na zilizokwisha. My Hero Academia ilifunga Agosti 2024, sura 430, vitabu 42. Jujutsu Kaisen ikafuata Septemba mwaka huohuo, sura 271. Demon Slayer ni fupi, vitabu 23, na ilimalizika 2020. Lakini msifurahi, maana mwisho wake wameukata filamu tatu, na ya kwanza tu, Infinity Castle ya 2025, ina dakika 155. One Piece ndiyo haijaisha, nayo imeanza 1997. Katuni yake ya televisheni imepita episodi 1,100, yaani ukitazama moja kila siku utamaliza baada ya miaka mitatu, na kwa miaka hiyo wao wametengeneza nyengine. Anayetaka kuianza leo kwanza aage kwao.

Kusoma kwenyewe, mtoto aliyepita chuoni hapati tabu: ukurasa unaanzia kulia, kama msahafu. Kisanduku cha juu kulia kwanza, unakwenda kushoto, ndipo unashuka. Wanaohangaika ni wale wanaofungua faili la kurushiana kwenye simu, kurasa zimepangwa kinyume, jibu linakuja kabla ya swali, kisha wanalaumu mwandishi. Matoleo ya zamani ya Marekani yalikuwa yakigeuza picha zenyewe ili zisomwe kutoka kushoto, basi wapiga panga wote wakawa mashoto. Ukikutana na kikosi kizima cha mashoto, jua unasoma kitu kilichopinduliwa.

Wamarekani nao wana ugonjwa wao. Gazeti moja la katuni, kurasa ishirini na kidogo, dola nne au tano. Zaidi ya shilingi elfu kumi! Kwa kitu unachokimaliza kabla ya chai haijapoa. Ukiamua kuzitoa hizo elfu kumi, zitoe kwa Absolute Batman, ya Scott Snyder na mchoraji Nick Dragotta, iliyoanza Oktoba 2024. Batman wa siku zote alikuwa tajiri mwenye kasri na mtumishi, akitoka usiku kupiga masikini. Huyu hana kitu. Baba yake alikuwa mwalimu wa skuli, na yeye ni mhandisi. Ule popo wa kifuani unabanduka, anaupachika kwenye mpini, unakuwa shoka. Mtu wa maana, ila asijaribu kuja Pemba. Mwaka 1995 kwa hofu ya Popobawa watu walilala nje makundi kwa makundi. Sasa atokee jitu jeusi lenye mbawa na shoka juu ya paa la mtu Wete, aone kama ataitwa shujaa.

Baba wa familia atafute Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto, iliyoanza Januari 2024. Hapa Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, anaanza kazi yuko mtu mzima, ana mke na watoto wawili. Kuruka juu ya maghorofa si tatizo; tatizo ni kurudi nyumbani.

Tukija kwenye filamu, ugomvi mkubwa ni wa Spider-Verse, filamu za katuni za Spider-Man. Kila siku kuna mtu anapiga simu yake makofi, "inaganda hii!" Haigandi. Ile ya 2018, Into the Spider-Verse, kuna pahala Miles, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, anachorwa picha 12 kwa sekunde na Peter anayemfundisha anachorwa 24, kusudi mwanafunzi aonekane mzito mbele ya fundi. Miles akiiva, mwendo wake unalainika. Na zile rangi zilizoachana ukingoni, nyekundu huku, buluu kule, si kioo kibovu: wameiga magazeti ya zamani yaliyochapwa rangi zikakosa kukaa sawa, na wanazitumia kwa vitu vilivyo mbali badala ya kuvitia ukungu. Sasa mtu ananunua kopi ya kamera, iliyorekodiwa ndani ya sinema, kichwa cha mtu kinapita, rangi zimefubaa, na juu yake mtafsiri anapiga kelele jina la binamu yake. Utaona nini hapo?

Ya pili, Across the Spider-Verse ya 2023, ni dakika 140. Kwa ubora wa kawaida, kama megabaiti 700 kwa saa, inakula giga moja na nusu na ushei. Ukiacha ubora wa juu, giga tatu kwa saa, zinakwenda saba. Badilisha mpangilio kabla ya kupakua, si katikati. Na baada ya gharama zote hizo, inakatika pabaya! Mwendelezo uliahidiwa 2024. Sasa tunaambiwa 2027.

Halafu kuna mashekhe wa "katuni ni za watoto." Hao ndio wanaoweka Invincible, katuni ya Prime Video, mbele ya kijukuu cha miaka sita. Dakika arubaini za mwanzo ni baba, mama na kijana anayengoja nguvu zake. Dakika za mwisho ni machinjioni. Kijukuu halali wiki, shekhe anatafuta kombe. Itazameni wakubwa, ni nzuri mno.

Mwenye bando dogo atafute Kizazi Moto ya Disney+, ya 2023: filamu kumi, kila moja kama dakika kumi. Ile ya Uganda, Herderboy, wachunga ng'ombe wenye vyuma mwilini, peke yake inatosha. Wamo Wazimbabwe, Wakenya, Wanigeria, Wamisri, Waafrika Kusini. Zambia wana Supa Team 4 yao, wasichana wanne wanaoilinda Lusaka. Sie tunakesha kubishana nani mkali baina ya Goku wa Dragon Ball na Superman, na anayepiga kelele kuliko wote hajamtazama hata mmoja.