Kongo na Rwanda: nani aanze?

Kila Kongo na Rwanda wakisaini mkataba watu wanauliza kama safari hii utashika. Mi naona swali gumu ni nani aanze. Rwanda wanasema waondolewe kwanza FDLR, kundi la wapiganaji lililoko mashariki mwa Kongo, lililotokana na waliofanya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, Kinshasa nao wanasema wanajeshi wa Rwanda watoke kwanza, na hapo ndo mambo hukwama kila mara.

Julai 2002 pale Pretoria, marais wa wakati huo, Joseph Kabila wa Kongo na Kagame wa Rwanda, walisaini kitu karibu kilekile: siku 90, jeshi la Rwanda litoke na Interahamwe, wanamgambo wa yale mauaji ya 1994, wanyang'anywe silaha. Jeshi likatoka, wenye bunduki wakabaki msituni, vita ikarudi kwa majina mengine. Ule wa Washington wa tarehe 27 Juni 2025 nao ukaja na siku 90, marais wenyewe wakasaini tarehe 4 Desemba, na wiki haikuisha waasi wa M23 wakaingia Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo. Rwanda inakana kuwasaidia M23 ila wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba inawasaidia, ripoti baada ya ripoti. Halafu kuna Rubaya, machimbo yanayotoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, madini yanayotumika kwenye simu, M23 waliyachukua Aprili 2024, sasa mtu aliyekalia hela kama hiyo atakuwa na haraka gani ya kuondoka?

Pamoja na hayo sijakata tamaa. Mkutano wa Luanda wa Desemba 2024 ulivunjika kwa sababu Kinshasa walikataa katakata kuongea na M23, lakini Julai 2025 walikaa nao Doha, Qatar wakiwa wapatanishi, na wakasaini tamko la kanuni za kumaliza vita, na kwangu hiyo ni hatua kubwa kuliko zile picha za Washington. Kilichobaki ni kuondoa jeshi na kuvunja FDLR vyote kwa pamoja, eneo moja baada ya jingine, na mashahidi wawepo palepale, mana hakuna atakayekubali kutangulia.

Pale Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda, akina mama wanavuka na mabeseni ya mboga kichwani, vita au amani, watoto nyumbani lazima wale. Benki za Goma zilifungwa mji ulipotekwa na M23 Januari 2025, mtu ana akiba yake na haishiki. Mi nitaanza kuamini mkataba siku mama wa Goma ataingia benki, apange foleni, atoke na hela yake mwenyewe.