Machale ya daktari, kutoka Ujiji hadi zahanati za mwambao

Wageni wanaofika Ujiji huonyeshwa mahali mwandishi wa habari Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, husimuliwa ile salamu maarufu, "Daktari Livingstone, nadhani?", hupiga picha, huondoka. Salamu imefunika jambo kubwa zaidi. Mzee yule aliyekonda alikuwa daktari, na tangu ujana wake aliamini kwamba Mungu anamwongoza na kumwita. Maisha yake aliyatumia kuufuata wito huo. Kwangu yeye ndiye mwalimu bora wa swali ambalo halijawaacha matabibu wetu hadi leo: machale yakimcheza daktari, ayape uzito kiasi gani?

Jibu langu nalitanguliza. Machale yana haki ya kumwongezea mgonjwa uangalizi. Hayana haki ya kumpunguzia. Yanaweza kumzuia mtoto asirudi nyumbani leo. Hayawezi kufuta kipimo, kuruka dozi, wala kumtoa wodini mgonjwa ambaye dalili zake bado zinapiga kelele.

Livingstone alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, Uskoti, na akiwa na miaka 10 tayari alikuwa kibarua wa kiwanda cha pamba. Baba yake, mcha Mungu wa kweli, aliogopa vitabu vya sayansi visije vikamharibia mtoto. Kijana akajiridhisha kwamba imani na sayansi hazigombani, kisha akasikia wito wa kwenda China akiwa daktari mmisionari. Vita vya kasumba vikaifunga njia hiyo, na mwaka 1841 akatua kusini mwa Afrika. Wanaosimulia habari hii makanisani hupenda ule mlango uliofungwa na mwingine uliofunguka. Mimi napenda wanachokiruka: katikati ya wito na safari kuna miaka ya kusomea tiba Glasgow kwa akiba ya mshahara wa kiwandani, hadi alipofuzu Novemba 1840. Wito haukumsamehe mtihani.

Faida yake ilionekana kwenye homa. Enzi hizo Wazungu wengi walikuwa wakifa kwa malaria kando ya mito ya Afrika. Livingstone alitoa kwinini iliyochanganywa na dawa za kuharishisha, akiendelea mpaka masikio ya mgonjwa yavume, dalili kwamba dawa imeshaenea mwilini. Alijitibu yeye, akatibu wenzake, tena na tena, na kila mara jibu lilimrudia ndani ya siku chache: homa imeshuka, au imekataa. Hisia zake juu ya homa zilikuwa zimesomeshwa na wagonjwa.

Sasa mtazame kwenye mito. Mwishoni mwa 1871 yeye na Stanley walipanda mtumbwi hapo Ujiji wakaenda hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika kuutazama Rusizi. Kama mto huo ungekuwa unatoka ziwani, ziwa letu lingeweza kuhesabiwa kuwa chanzo cha Nile. Wakakuta unaingia. Hoja ikafa palepale, na mzee akakubali. Lakini kuhusu Lualaba, mto aliouona kule Nyangwe, hakupata nafasi ya kuufuata aone unakoishia. Moyo ulimwambia ni Nile. Daftari lake linaonyesha pia hofu iliyomtafuna, kwamba pengine alikuwa akihangaikia Kongo. Ndani yake mlikuwa na sauti mbili, akaifuata iliyopatana na matumaini yake. Mwaka 1874 mvumbuzi Mwingereza Cameron alipima akakuta Lualaba pale Nyangwe uko chini kuliko Nile kule Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Mwaka 1877 Stanley akaufuata mpaka Atlantiki.

Livingstone hakuwahi kuzisikia habari hizo. Mwaka 1872, huko Kwihara nje kidogo ya mji wa Tabora, Stanley alimsihi arudi kwao apate nguvu kwanza. Alikuwa ametokwa na damu tumboni kwa muda mrefu na meno mengi yalikuwa yamekwisha. Daktari gani angemruhusu mgonjwa wa namna hiyo kwenda kwa miguu hadi kwenye mabwawa ya Bangweulu? Yeye alijiruhusu. Aliondoka Agosti, na mwanzoni mwa Mei 1873 akafia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Msukumo uliomtoa kiwandani akawa daktari ndio uliomwambia apuuze dalili zake mwenyewe, na hapo ndipo alipopaswa kuukatalia.

Turudi kwenye chumba cha daktari. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Ubelgiji juu ya watoto 3,890 waliopelekwa kwa madaktari wakiwa wagonjwa. Kati yao 3,369 walionekana, kwa uchunguzi wa daktari, hawana ugonjwa mkali. Hata hivyo 6 baadaye walilazwa kwa maambukizi makali. Madaktari walikuwa wameulizwa pia moyo unawaambia nini. Ilionekana kwamba kama machale yangefuatwa, wawili kati ya hao sita wangeweza kuokolewa wasipitwe, kwa gharama ya hofu 44 za bure, yaani watoto waliotiliwa shaka kumbe hawana ugonjwa mkali. Kilichoyaamsha machale hayo zaidi kilikuwa namna mtoto alivyoitikia kwa jumla, yaani amelegea, hacheki, upumuaji usio wa kawaida, degedege, na mzazi anayesema ugonjwa huu si kama ule aliouzoea. Kwa maneno mengine, sauti ya ndani ilikuwa imeona kitu ambacho karatasi haikuwa na mahali pa kukiandika.

Hofu 44 za bure si kitu mahali ambapo hospitali iko mtaa wa pili. Kwa tabibu wa Kalya au Buhingu, huku mwambao wa kusini wa Uvinza, rufaa ya kwenda Maweni, hospitali ya mkoa wa Kigoma, ni boti, mafuta, saa nyingi majini, na baba anayeuza mbuzi. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaohubiri kwamba ukisikia moyo umesita, peleka mbele. Machale yanunue kwanza vitu vya bei nafuu, na vipo vingi.

Hesabu upya pumzi za mtoto, dakika nzima kwa saa, akiwa ametulia kifuani kwa mama, akilia, subiri. Kuanzia 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na kuanzia 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni kupumua kwa kasi. Kosa la kawaida ni kuhesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili, wakati watoto wadogo hupumua kwa vipindi visivyolingana. Bonyeza kucha mpaka iwe nyeupe, achia. Damu ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, mzunguko una shida. Pima sukari: chini ya 2.5 mmol/L ni hatari, na kwa mwenye utapiamlo mkali mpaka ni 3. Halafu muulize mama, na umwachie nafasi ya kujibu: safari hii ana tofauti gani na alivyougua zamani? Bado moyo haujatulia? Mlaze benchini au wodini, mwangalie tena baada ya saa moja, na uandike saa hiyo kwenye kadi ili anayekupokea zamu asiiruke. Rufaa ije hapo, au kabla ya hapo ukiona dalili yoyote ya hatari, kama kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege au kupoteza fahamu. Hizo hazisubiri maoni ya moyo.

Kuna mambo yanayoigiza sauti ya ndani vizuri sana. Mazoea ya malaria ndiyo makubwa katika mikoa yetu miwili, Kigoma na Tabora. Mtoto ana homa, kipimo cha haraka kimeonyesha malaria, moyo wa daktari ukatulia. Utulivu huo ni wa uongo. Vipimo vinavyotafuta HRP2, protini ya vimelea vya malaria, huweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na hata malaria ikiwa ya kweli, nimonia au homa ya uti wa mgongo inaweza kukaa pembeni yake. Kingine ni mgonjwa wa mwisho: daktari aliyefiwa na mtoto wa uti wa mgongo wiki jana ataona uti wa mgongo kwenye kila shingo. Na kuna uchovu. Kwenye Wafalme wa Kwanza, sura ya 19, Eliya hakuisikia ile sauti ya utulivu alipokuwa ameanguka chini ya mti akiomba afe. Alilala, akalishwa, akalala tena, akalishwa mara ya pili, ndipo akaenda Horebu. Daktari wa zamu ya usiku ambaye hajala tangu mchana asiite anachokisikia uongozi wa Roho mpaka ale.

Ujiji na Tabora ni miji ya watu wanaoswali, kwa hiyo na istikhara niiseme. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi na dua ya kumwomba Mungu amwelekeze mtu, kwa jambo la halali ambalo mtu kweli ana hiari nalo: nikubali uhamisho, nikasomee upasuaji au nibaki. Haimhusu mgonjwa ambaye tiba yake inajulikana. Mtoto aliyekaukiwa maji anapewa maji. Wengi pia hungoja ndoto, na ndoto si sharti. Wanaofuata njia ya Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, wana kanuni nyingine inayowafaa matabibu kuliko wanavyodhani: wakati wa majonzi na giza la moyo, usibadili uamuzi uliofanya ukiwa na utulivu. Barua ya kuacha kazi isiandikwe wiki aliyofariki mgonjwa.

Lakini kinachoua machale ya madaktari wa vijijini, kwa maoni yangu, si ukosefu wa sala. Ni ukosefu wa majibu. Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein, wanasaikolojia waliokuwa wakipingana juu ya hisia za wataalamu, waliandika pamoja wakikubaliana kwamba hisia huaminika pale mambo yanapokwenda kwa utaratibu unaoweza kujifunzwa na mtu anapopata marejesho. Tabibu wa zahanati anaandika rufaa, boti inaondoka, hasikii tena. Anaweza kufanya kazi miaka 20 akiwa na Lualaba yake ambayo hakuna aliyeifuata.

Dawa yake ni daftari la shilingi chache. Kabla majibu ya maabara hayajatoka, andika unachohisi ni nini na una uhakika wa kiasi gani kati ya 10. Acha safu tupu. Ijumaa piga simu wodi ulikompeleka, taja tarehe na namba ya rufaa, uliza walikuta nini na mgonjwa aliondokaje, ujaze. Baada ya miezi kadhaa soma safu mbili hizo kwa pamoja, ukitenga watoto wachanga na wakubwa, mchana na usiku. Itajulikana machale yako yanaongopa wapi. Pengine ni baada ya saa tisa usiku, au kwa mgonjwa anayelalamika sana.