Hospitali Ndiyo Impigie Mgonjwa

Wiki iliyopita shemeji yangu alianza kutoka damu kwenye fizi. Alibadilishiwa vali ya moyo Kampala, akarudi Arua na kovu refu kifuani, vidonge vya warfarini vya kuzuia damu kuganda, na karatasi yenye namba moja ya simu. Mgongo ulipomuuma, duka la dawa likamuuzia diklofenaki, dawa ya maumivu. Tulipiga ile namba, ikaita mpaka ikakata. Tukapiga tena, hivyo hivyo.

Nimekasirika sana. Ukoo mzima ulichanga, ng'ombe wakauzwa, madaktari wakafanya kazi ya kupigiwa saluti, halafu mtu akishavuka geti anaachiwa Mungu! Warfarini si panado. Ikizidi, damu inavuja. Ikipungua, damu inaganda kwenye vali ya chuma na kiharusi kinabisha hodi. Diklofenaki inaongeza hatari ya kuvuja, antibiotiki kadhaa zinaivuruga, hata mboga za dodo, yaani mchicha, ukizila nyingi kwa ghafla zinaipunguza nguvu. Nani amwambie haya muuza dawa wa mtaani?

Ninachodai ni kwamba hospitali ndiyo ipige simu. Mgonjwa wa kijijini mara nyingi hana muda wa maongezi, na akiwa nao anaona haya kumsumbua daktari. Atasema, "Acha nivumilie." Sista akimpigia kila wiki katika miezi ya mwanzo, atamuuliza: unalalia mito mingapi siku hizi? Miguu imevimba? Kidonda kinatoa majimaji? Homa je? INR ya mwisho, kile kipimo cha kasi ya damu kuganda, ilisoma ngapi? Umemeza dawa gani nyingine? Hilo la mito linaonekana dogo, lakini aliyekuwa akilalia mto mmoja akianza kulala karibu ameketi, huenda maji yanajaa kwenye mapafu, na yeye anadhani ni uchovu tu. Aulizwe kwa lugha anayoiota usiku, iwe Kiswahili, Kilugbara au Kiacholi.

Haya, wauguzi ni wachache, na simu haipimi damu. Nakubali. Lakini Arua na Kampala ni karibu kilomita 500, na mwaka 2024 daraja la Karuma lililo njiani lilipofungwa kwa matengenezo mabasi yalilazimika kuzunguka. Mfupa wa kifua uliokatwa unahitaji wiki kadhaa kuunga. Utamrusharusha mtu huyo barabarani kwa swali la dakika tano?

Shemeji ameacha diklofenaki, amepimwa damu, fizi zimetulia. Aliyetuokoa ni muuguzi jirani yetu, aliyeacha chakula chake mezani akaja kuisoma ile karatasi. Hospitali zinazopasua moyo ziteue sista, zimpe simu na daftari la majina, zianze na waliowekewa vali za chuma. Zianze mwezi huu.