Podikasti za Wanafunzi Zipimwe kwa Swali Lisiloandikwa

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu nchini Kenya atakutajia mbinu za kukusanya fasihi simulizi bila kukwama: mahojiano, hojaji, uchunzaji, kushiriki, kurekodi. Atakuongezea na faida na udhaifu wa kila moja. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hupenda kumuuliza hayo, naye hujibu vizuri. Wengi humaliza shule hawajamhoji mtu hata mmoja. Kiimbo na shadda pia wamevisoma kwa macho tu.

Hapo ndipo ninapoanzia kuitetea podikasti inayotengenezwa na wanafunzi wenyewe. Hoja ninayoisikia sana ni kwamba vijana wanapenda simu. Ni kweli wanazipenda, lakini upenzi huo haumpi mwalimu sababu ya kutoa vipindi kadhaa vya dakika 40 kwenye silabasi iliyojaa. Mimi navitoa kwa ajili ya swali moja: lile ambalo halikuandikwa daftarini, lililozaliwa na jibu la mtu aliyekaa mbele yako.

Kundi moja nililolifundisha Kilifi lilikwenda kwa bibi msusi wa mikeka. Maswali yao yalipangwa vizuri, nami nilikuwa nimeyapitia. Wakamwamkia, wakaomba ruhusa ya kurekodi, wakaanza. "Bibi, ulianza lini kusuka mikeka?" Bibi akajibu, "Nilipoachwa." Pakawa kimya kidogo, kisha msichana akasoma lililofuata daftarini: "Je, unakumbana na changamoto gani katika kazi yako?"

Tuliposikiliza rekodi hiyo darasani sikusema neno. Mvulana mmoja akauliza, "Mbona hamkumuuliza aliachwa vipi?" Mwenzake akaja juu: hayo ni ya nyumbani kwa mtu, mtoto hamuulizi mkubwa hivyo. Mwingine akasema basi angeulizwa alianzaje kazi, siyo aliachwaje. Wakabishana mpaka kengele ikalia, kuhusu adabu, kuhusu mipaka, kuhusu namna ya kumuuliza mtu mzima ukimwachia nafasi ya kukataa. Udhaifu wa mahojiano nimeuandika ubaoni miaka na miaka, na haujawahi kuleta mjadala wa namna hiyo.

Kundi likarudi. Safari hii msichana yule alisema, "Bibi, juzi ulituambia ulianza ulipoachwa. Ukipenda, tueleze kidogo." Na bibi akaeleza. Miyaa, majani ya kusukia, alikata mwenyewe, ukili akausuka usiku watoto wakishalala, na pesa za mkeka wa kwanza zikanunua sare ya shule. Alizungumza muda mrefu bila kuulizwa kitu kingine, na wanafunzi wakajua kunyamaza.

Insha haiwezi kumwonyesha mwanafunzi pale alipoacha kusikiliza. Insha ya maneno 400 kuhusu msusi wa mikeka inaandikika bila kumwona msusi, na siku hizi akili unde huiandika yote kabla hujaketi vizuri. Rekodi inabaki na jibu, inabaki na kimya, inabaki na swali lisilohusiana lililofuata. Mwanafunzi akijisikiliza hahitaji wino mwekundu wangu kugundua kilichompita.

Vifaa visitutishe. Najua shule nyingi za bweni haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na sidai sheria hiyo ivunjwe. Simu ya mwalimu inatosha, makundi yakipeana zamu. Kinasa sauti cha simu hakihitaji intaneti, na programu ya kuhariri kama Audacity ni ya bure kwenye kompyuta ya shule. Sauti ya dakika tano ikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde haizidi megabaiti 2.4. Bweni mchana, magodoro yakiwepo, halina mwangwi unaosumbua.

Linalonishughulisha zaidi ni alama. Tukianza kutuza sauti nzuri na muziki wa kufungulia kipindi, wanafunzi wasemaji watashinda kila mara, na mwenye aibu atapewa kazi ya kushika simu kuanzia Januari hadi Novemba. Kwa hiyo kazi zizungushwe: aliyehariri leo ndiye atakayehoji kesho. Lafudhi isipewe wala isinyimwe alama yoyote. Nimeona watoto wakinyamaza muhula mzima kwa kuchekwa tu namna wanavyotamka. Kama mzee anazungumza Kigiriama, ahojiwe kwa Kigiriama, kisha mwanafunzi atusimulie kwa Kiswahili alichosikia. Hiyo ni kazi ngumu kuliko muhtasari wowote wa karatasi ya pili, na inastahili kuheshimiwa hivyo. Kwenye alama 20, mimi ningetoa 8 kwa maswali yaliyotokana na majibu.

Kuna na suala la kuchapisha. Mara tu kazi inapopendeza, mtu atataka kuirusha mtandaoni ili shule ijulikane. Mimi napinga, angalau kama hatua ya kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na bibi wa mikeka alikubali kuzungumza na watoto wa jirani, hakukubali kusikilizwa na nchi nzima. Kwanza asikilizishwe yeye. Akisema kipande fulani kitolewe, kitolewe, hata kama ndicho kizuri kuliko vyote.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10 Januari 2026, na Kusikiliza na Kuzungumza wameisoma tangu chini kama mada inayojitegemea. KNEC, baraza la mitihani la taifa, nayo imeshazoea kupokea alama za tathmini zinazofanyiwa shuleni. Naomba kazi mojawapo iwe mahojiano yaliyorekodiwa, na mwongozo wake useme wazi kwamba mwanafunzi aisikilize rekodi yake na kurudi kuuliza tena kabla ya kupewa alama.