Hatua ya sita inayorukwa jumuiyani

Katika parokia nyingi za Katoliki Dodoma, anayetaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa huambiwa kwanza alete barua ya jumuiya, yaani kikundi cha nyumba jirani zinazosali pamoja Jumamosi. Mwenyekiti anafungua daftari la mahudhurio. Kama jina lako limejaa "hayupo", utabembeleza saini. Je, ni haki imani ya mtu kupimwa kwa daftari?

Wanaolitetea wana hoja nzito. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogondogo mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi mtaani, kwenye nyumba chache zinazojuana. Dodoma ya leo inalihitaji hilo kuliko zamani. Tangu Serikali ianze kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, mitaa kama Ilazo na Kisasa imepokea watu wasio na shangazi wala binamu karibu. Ukifiwa saa nane usiku, atakayekuja na sufuria na mkeka ni jirani wa jumuiya, na hawezi kuja kama hajui unapokaa.

Ila daftari halijui sababu. Nesi anatoka zamu ya usiku Jumamosi asubuhi, saa ileile ya sala. Kule Bahi na Chamwino, Januari watu wako kwenye palizi, na mtama ukianza kukomaa mtu hashindi nyumbani, maana kwelea kwelea hawasubiri ibada iishe. Tangu treni ya SGR, reli mpya ya kutoka Dar, ianze kufika hapa mwaka 2024, mtumishi mwenye familia Dar anaondoka Ijumaa jioni. Wote hao wanaandikwa sawa na aliyelala tu. Waislamu wana kipimo kingine kwa jambo kama maziko: ni faradhi ya kutosheleza, wakitokea wa kuitimiza, wengine hawana deni, asipotokea hata mmoja, wote wana dhambi. Kinachoangaliwa hapo ni kama maiti amezikwa.

Hapo, kwenye kazi kufanyika, ndipo jumuiya zinapokwama. Utaratibu wa hatua saba wa sala ya jumuiya unajulikana: kumkaribisha Bwana, kusoma Injili, kurudia maneno yaliyogusa, kimya, kushirikishana, kupanga kazi, kuomba. Hatua ya tano hula muda wote, hasa akiwepo mzee mmoja anayependa kuhubiri. Watu wanaanza kutazama saa, katibu anasimama na matangazo: ujenzi, zawadi ya paroko, harusi ya mtoto wa fulani. Hatua ya sita, kupanga kazi, imeyeyuka, michango imekalia kiti chake. Asiye na kitu anajifunza kukwepa Jumamosi, anaandikwa "hayupo", na siku ya ubatizo anakosa barua. Halafu tunasema watu wamepoa kiimani!

Dawa yake haina gharama. Kushirikishana kupewe dakika 15, kisha liulizwe swali moja: nani mtaani amekwama wiki hii? Tuseme ni bibi mgonjwa ambaye bomba lake halitoi maji. Ipangwe kazi moja, mtu mwenye jina, siku maalumu: fulani atapeleka madumu mawili ya lita 20 Jumatano. Ikiachwa kuwa "tutamsaidia sote", Jumatano itapita bibi akitazama mlango. Kikao kinachofuata kianze na taarifa ya kazi hiyo. Michango isogezwe wiki ya kwanza ya mwezi, mhazini asome yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyobaki. Na nyumba zikizidi 15 jumuiya igawanywe, maana hapo watu huanza kujificha nyuma ya wenzao.

Daftari libaki, ila liongezwe safu ya kazi, ili nesi aliyepeleka maji Jumatano ahesabiwe hata kama Jumamosi alikuwa amelala. Wapo watakaosema safu hiyo ni rahisi kuchezewa: mahudhurio kila mtu anayaona, lakini kazi mwenyekiti anaweza kumwandikia shemeji yake. Ni kweli, na ndiyo maana taarifa isomwe kwa sauti mbele ya wote. Bibi mwenyewe yupo palepale nyumba ya nne. Ataulizwa kama maji yalifika.