Hiyo siyo picha ya galaksi nzima
Mmeweka picha na kuandika eti Gaia, chombo cha angani cha Ulaya, “kimepiga picha galaksi yetu yote”? Kilichofanya ni kupima nyota karibu bilioni 2, asilimia 1 au 2 tu ya nyota za Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu. Umbali wa nyota hizo kilipata kwa ujanja wa kidole: nyoosha mkono, funga jicho moja, kisha jingine, uone kidole kinavyoruka ukutani; kikiwa karibu zaidi, kinaruka zaidi. “Macho” mawili ya Gaia yalikuwa sehemu mbili kilipopimia, pande mbili za Jua, miezi 6 kati yake. Nyuma ya kitovu cha galaksi vumbi limeziba, kilikuwa hakioni kitu cha maana. Hiyo picha mliyoweka ni mchoro wa msanii. Hakuna kamera iliyowahi kutoka nje ya galaksi. Wenzangu wa mjini, na taa zote hizo, mara ya mwisho mliiona Njia Nyeupe angani usiku lini?